Sumu Mbili za Konokono Mmoja

Katika eneo kubwa la bahari linaloanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki, likapita Madagaska, Indonesia na Ufilipino hadi visiwa vya Polinesia, anaishi konokono ambaye katika vitabu vya elimu ya wanyama huitwa Conus geographus, jina alilopewa na mwanasayansi wa Uswidi Carl Linnaeus mwaka 1758. Gamba lake hufikia urefu wa sentimita 10 hadi 15, mwendo wake juu ya mchanga ni wa kujikokota, hana makucha wala taya za kung'ata, na hata hivyo chakula chake ni samaki, tena samaki walio hai na wenye nguvu zao. Kitendawili hicho cha mnyama mzito anayemla mnyama mwepesi ndicho kiini cha karibu kila jambo ambalo sayansi imejifunza kumhusu, na inafaa kuanza nacho, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya konokono huyu huanza na watu aliowaua, ilhali vifo hivyo, kama itakavyoonekana, havitokani na sumu anayowindia.

Ukoo wake, ambao hapa utaitwa wa konokono-koni kwa sababu ya umbo la magamba yao, lililo pana upande mmoja na kuchongoka upande wa pili, una spishi zaidi ya 800, na chimbuko lake linakadiriwa kuwa takriban miaka milioni 55 iliyopita. Wengi kati yao hula minyoo ya baharini, wengine hula konokono wenzao, na ni kundi dogo tu linalokula samaki. Wote ni wawindaji na wote wana sumu. Conus geographus hutofautishwa kwa urahisi na jamaa zake: gamba lake ni jembamba na jepesi kuliko la wengi wao, lina mabaka ya kahawia na krimu yaliyosambaa kama mipaka ya ramani, na mlango wake, yaani uwazi ambamo mwili hutokea, ni mpana kupita kawaida. Upana huo una sababu yake, kwa kuwa anayemeza samaki mzima anahitaji nafasi ya kumwingiza.

Silaha ya ukoo huu imetokana na kiungo cha kawaida kabisa. Konokono wengi wana radula, ambayo ni utepe wenye safu za meno madogo unaotumika kukwangua mwani juu ya mawe. Katika konokono-koni utepe huo umetoweka na kila jino limegeuka kuwa sindano yenye tundu ndani, iliyojengwa kwa kitini, ile dutu ngumu inayofanya pia maganda ya kaa na kamba, na yenye kulabu nchani, hivi kwamba jina la chusa linaifaa bila kutafuta jingine. Machusa haya hutunzwa katika kifuko, yakiwa katika hatua mbalimbali za kukua, na linapohitajika hutolewa moja tu, likasogezwa hadi kwenye ncha ya mrija laini unaochomoza mdomoni. Nyuma yake kuna mfereji mrefu uliojikunja mara nyingi, ambao kuta zake ndizo zinazotengeneza sumu, na mwisho wa mfereji huo kuna tezi yenye misuli ambayo hujibana na kuisukuma sumu kupitia chusa hadi ndani ya nyama ya mawindo. Chusa hutumika mara moja, kisha hutupwa. Katika baadhi ya jamaa zake wanaokula samaki imepimwa kwamba chusa hurushwa kwa muda usiofika milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hicho ndicho kitendo pekee cha haraka katika maisha ya mnyama huyu.

Hata hivyo haraka ya chusa haitoshi. Samaki aliyechomwa anaweza kuogelea kwa sekunde chache kabla sumu haijamlemea, na sekunde hizo zinatosha kumfikisha mahali ambapo konokono hatamfikia kamwe, au kwenye kinywa cha mla nyama mwingine. Hadi katikati ya karne ya 20 wataalamu wengi hawakutarajia kwamba konokono angeweza kulishinda tatizo hilo, na ilikuwa mwaka 1956 ambapo Alan Kohn, mwanasayansi wa Marekani aliyefanya utafiti wake Hawaii, alichapisha maelezo ya kina ya konokono-koni anayewinda samaki. Spishi aliyoichunguza, Conus striatus, hutumia njia ambayo baadaye ilibainika kwa jamaa zake kadhaa: humchoma samaki bila kuliachia chusa, likabaki limeshikwa kwenye ncha ya mrija, huku kundi la kwanza la sumu likiziamsha neva za samaki kupita kiasi hadi misuli yake yote ikakakamaa papo hapo kana kwamba amepigwa na umeme. Kundi la pili la sumu, linalofanya kazi polepole zaidi, hufuata na kukata mawasiliano kati ya neva na misuli, na samaki aliyekakamaa hulegea, akavutwa ndani.

Conus geographus hafanyi hivyo. Mchana hujificha chini ya mchanga na mawe ya matumbawe yaliyokufa, na usiku, samaki wadogo wanapojibanza kwenye mianya ya miamba, hutoka na kutanguliza mrija mwingine, ule wa kupitishia maji, ambao humwezesha kunusa kilichopo mbele yake. Akishawakaribia hupanua mdomo wake wa nje, ambao ni ngozi laini inayoweza kutanuka hadi kuwa na upana wa kushangaza, ukawafunika samaki kama kimia kilichotupwa majini. Linaloshangaza zaidi ya upana wa mdomo ni utulivu wa samaki wenyewe, kwa kuwa badala ya kukurupuka, kama wafanyavyo kila wanapoguswa, huonekana wamezubaa, wakatembea ovyo au kusimama palepale, na wakati mwingine zaidi ya mmoja huingia kinywani kwa pamoja. Wakishafunikwa, kila mmoja huchomwa chusa humohumo ndani. Baada ya saa kadhaa konokono hutapika mifupa, magamba na machusa yaliyokwisha kutumika.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba konokono humwaga majini kitu fulani cha kulevya, lakini kitu hicho hakikujulikana. Jibu lilichapishwa mwaka 2015 na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, lililoongozwa na Helena Safavi-Hemami na Baldomero Olivera, na halikuwa jibu ambalo mtu yeyote angelitazamia: katika sumu ya Conus geographus mlikuwa na insulini. Insulini, kama wanavyofahamu wagonjwa wa kisukari na jamaa zao, ni homoni inayotolewa na kongosho ili kuziamuru seli za mwili zichukue sukari iliyomo katika damu, na ikizidi kiwango, sukari ya damu hushuka, ubongo ukakosa nishati, mwenye mwili huo akachanganyikiwa, akalegea na hatimaye kuzimia. Hali hiyohiyo ndiyo inayowapata samaki walio mbele ya mdomo wa konokono, ambao huivuta insulini hiyo pamoja na maji wanayoyapitisha kwenye matamvua yao. Watafiti walipoitia insulini hiyo katika maji yenye viluwiluwi vya samaki wa maabara, viluwiluwi vilipunguza kuogelea, na walipowadunga samaki ambao sukari yao ya damu ilikuwa imepandishwa kwa makusudi, sukari hiyo ilishuka.

Ushahidi kwamba homoni hiyo ni silaha, na si mabaki ya kemia ya mwili wa konokono yaliyopenya kwenye sumu kwa bahati, uko katika muundo wake. Konokono naye ana insulini yake ya kuendeshea mwili wake mwenyewe, na hiyo inafanana na insulini za konokono na chaza wengine. Ile iliyomo ndani ya sumu ni nyingine kabisa, na inafanana na insulini ya samaki. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba konokono-koni wanaokula minyoo nao wana insulini katika sumu zao, lakini yao imeelekea kufanana na ya minyoo. Kila mwindaji, kwa maneno mengine, amenakili homoni ya anayemla.

Nakala hiyo ya Conus geographus, iliyopewa jina la Con-Ins G1, ina asidi amino 43 tu, yaani vijenzi 43 vya protini vilivyounganishwa, ilhali insulini ya binadamu ina 51, na ilipogunduliwa ilikuwa ndogo kuliko insulini zote zilizojulikana. Udogo huo si upungufu. Insulini ya binadamu huhifadhiwa kongoshoni ikiwa katika mafungu ya molekuli sita sita zilizoshikamana, na lazima zitengane kabla ya kufanya kazi, ilhali insulini ya konokono imekosa sehemu ile inayosaidia kushikamana, hivyo kila molekuli iko tayari tangu inapotoka. Kongosho lina sababu ya kuweka akiba, kwa kuwa mlo unatabirika. Mwindaji aliyeufunua mdomo wake mbele ya samaki hana muda huo.

Lakini mwili wa samaki, kama wa binadamu, una njia ya kujitetea sukari ikishuka, kwani kongosho hutoa homoni nyingine iitwayo glukagoni, ambayo kazi yake ni kuipandisha tena. Mwaka 2024 watafiti wa kundi hilohilo walitangaza kwamba mlango huo nao konokono ameufunga. Katika sumu yake mna peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, unaoiga homoni ya somatostatini, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuizuia glukagoni isitoke, na mwigo huo hudumu kwa muda mrefu na huchagua kipokezi chake kwa usahihi kuliko somatostatini yenyewe. Insulini hushusha, mwigo wa somatostatini huzuia kupanda. Watu wamezoea kufikiria sumu kuwa kitu kinachounguza, kinachoozesha au kinachoua neva, na sumu nyingi ndivyo zilivyo, ila hii huupa mwili wa mawindo amri ambazo mwili huo umezoea kuzitii, kwa lugha yake wenyewe, na kwa kipimo ambacho haungekubali kamwe kujitolea.

Ndipo linapokuja swali la binadamu, kwa sababu mtu aliyechomwa na Conus geographus hafi kwa kushuka kwa sukari. Hufa kwa kupooza. Tofauti hiyo ilieleweka vizuri mwaka 2014, pale Sébastien Dutertre na wenzake walipokusanya sumu ya konokono huyu kwa njia mbili, kwanza kwa kumwekea samaki mbele yake ili achome kwa nia ya kula, na kisha kwa kumbughudhi ili achome kwa nia ya kujilinda. Sumu hizo mbili zilikuwa tofauti, na kila moja ilitoka katika sehemu yake ya mfereji uleule. Ile ya kujilinda ilijaa peptidi zinazozuia mawasiliano kati ya neva na misuli, tena kwa kiwango kikubwa, na ile ya kuwindia ilikuwa na peptidi ambazo nyingi hazina athari kubwa kwa vipokezi vya binadamu. Kwa hiyo konokono anayetajwa kuwa mmojawapo wa wanyama wenye sumu kali baharini humwua mtu kwa akiba aliyoiweka kwa ajili ya samaki wakubwa, pweza na maadui wengine wanaoweza kulivunja gamba lake, na mtu ameingia katika orodha hiyo kwa sababu tu ana mikono ya kuokotea.

Kumbukumbu za madhara hayo ni za zamani. Georg Eberhard Rumphius, mtaalamu wa viumbe mzaliwa wa Ujerumani aliyeitumikia kampuni ya Kiholanzi katika kisiwa cha Ambon na ambaye kitabu chake kuhusu makombe na wanyama wa bahari kilichapishwa mwaka 1705, miaka mitatu baada ya kifo chake, alieleza kifo cha mwanamke mtumwa huko Banda aliyekuwa ameshika konokono wa aina hii mkononi. Wasomi wa baadaye wamemhusisha konokono huyo zaidi na Conus textile, jamaa anayekula konokono wenzake. Kisa kilichoandikwa kwa undani zaidi ni cha mwaka 1935 katika kisiwa cha Hayman, Australia, ambapo kijana wa miaka 27 alimshika Conus geographus kiganjani huku akimkwangua gamba kwa kisu. Hakusikia maumivu. Alama pekee ilikuwa tundu dogo mkononi, kisha ganzi, kisha midomo kukaza baada ya dakika 10 hivi, kuona vitu viwili viwili baada ya dakika 20, miguu kupooza katika nusu saa, na baada ya saa moja alikuwa amepoteza fahamu. Alikufa saa chache baadaye. Katika ripoti za kitabibu zilizokusanywa tangu hapo, vifo vilivyothibitishwa karibu vyote vinahusishwa na spishi hii moja.

Kinachoua ni kukosa pumzi. Peptidi ndogo kama ile iitwayo alfa-konotoksini GI, yenye asidi amino 13 tu, hukaa juu ya vipokezi vya misuli ambavyo kwa kawaida hupokea ujumbe wa neva, na nyingine, za kundi la miu, huziba mifereji ya sodiamu ambayo bila hiyo msuli hauwezi kujikaza, na kiwambo kinachoendesha mapafu ni msuli kama mingine. Serikali ya Marekani imeziweka peptidi fupi za aina hiyo ya alfa katika orodha ya vitu ambavyo maabara haziruhusiwi kumiliki kupita kiasi cha miligramu 100 bila usajili maalumu. Kwa upande wa tiba hakuna dawa ya kuipinga sumu hii, kama zilizopo kwa sumu za nyoka, lakini kuna jambo la kutia moyo ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba sumu yenyewe haiharibu kiungo, bali hushikilia vipokezi kwa muda kisha mwili huiondoa. Mgonjwa anayepumuliwa kwa mdomo na baadaye kwa mashine, mpaka misuli yake ianze tena kufanya kazi, anaweza kupona kabisa. Kinachofanyika njiani kuelekea hospitali ni kukifunga kiungo kilichochomwa kwa bendeji pana, kukituliza kisitikisike, na kumtazama mgonjwa pumzi yake kila wakati, pasipo kuchanja wala kunyonya jeraha.

Maelezo hayo yana uzito wa pekee katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakati wa bamvua, siku ambazo mwezi ni mwandamo au mpevu na maji hupwa mbali sana, wanawake na watoto wa Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa, Lamu na vijiji vingi vya bara hushuka mwambani kuokota chaza na kome na kuchokoa pweza, na kazi hiyo ni ya kupindua mawe na kutia mikono kwenye mianya, ambako ndiko konokono-koni hulala mchana. Wauza makombe na wageni wanaotembea ufukweni nao huvutiwa na gamba lenye mabaka mazuri. Ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba konokono ashikwe upande wake mpana, haufai kwa Conus geographus, kwa kuwa mrija wake wa chusa unaweza kurefuka na kupinda hadi kufikia karibu kila upande wa gamba, na chusa hupenya nguo, hivyo mfuko wa suruali au pindo la kanga si mahali pa kumweka. Gamba ambalo ndani yake mna uhai huachwa lilipo. Katika hifadhi za bahari za Kenya, kama vile Watamu, Malindi na Kisite-Mpunguti, kuondoa makombe ni kosa hata pasipo suala la sumu.

Sifa hiyo ya kuua watu ndiyo iliyompeleka konokono huyu maabara. Baldomero Olivera, mwanakemia wa Ufilipino, alirejea nyumbani baada ya masomo na utafiti nchini Marekani, ambako alikuwa amefanya kazi juu ya kimeng'enya kinachounganisha vipande vya DNA, akakuta kwamba vifaa vya kuendeleza utafiti wa namna hiyo havipo. Akahitaji somo lisilodai mashine za gharama. Alikuwa amekusanya makombe tangu utotoni, alijua kwamba Conus geographus anapatikana katika bahari ya Ufilipino na kwamba huua, na pamoja na Lourdes Cruz, mwanakemia mwenzake, wakaanza kuichambua sumu yake. Uchaguzi huo wa lazima uligeuka kuwa kazi ya maisha, na ni mfano mzuri wa jinsi upungufu wa vifaa unavyoweza kumlazimisha mtafiti aulize swali ambalo wenye vifaa hawakuwa na sababu ya kuliuliza, ingawa itakuwa kosa kuusifu upungufu wenyewe.

Baada ya kuhamia Utah, Olivera aliwaachia wanafunzi wa shahada ya kwanza uhuru ambao maprofesa wengi wasingeutoa. Mmoja wao, Craig Clark, alipendekeza kwamba badala ya kuzidunga sehemu mbalimbali za sumu kwenye tumbo la panya, ambako jibu lilikuwa ama kufa ama kutokufa, zidungwe moja kwa moja kwenye ubongo. Matokeo yalibadili mtazamo wa taaluma nzima, kwa sababu kila sehemu ya sumu ilizaa tabia yake: panya mmoja alitetemeka, mwingine akajikuna bila kukoma, mwingine akalala. Peptidi iliyolaza, konantokini-G ya Conus geographus, iliwalaza panya wachanga tu, na wale waliozidi umri wa wiki mbili hivi iliwafanya wahangaike huku na huko. Ikawa wazi kwamba sumu hiyo ni mkusanyiko wa mamia ya vitu, kila kimoja kikilenga kipokezi au mfereji wa ayoni wa aina moja na kuviacha vingine. Mwaka 1984 kundi hilo lilieleza omega-konotoksini GVIA, pia kutoka kwa konokono huyu, inayoziba aina fulani ya mifereji ya kalsiamu katika neva, na kwa wanasayansi wa ubongo peptidi hiyo ikawa kifaa cha kila siku, kwa vile iliwawezesha kuzima mfereji mmoja na kutazama kinachobaki.

Dawa yenyewe haikutoka kwake bali kwa jamaa yake mdogo, Conus magus. Michael McIntosh, aliyejiunga na maabara ya Olivera akiwa na umri wa miaka 18, ndiye aliyeitenga kutoka katika sumu ya spishi hiyo peptidi ya asidi amino 25 iliyowatetemesha panya, nayo ilipochunguzwa ilionekana kuzuia mifereji ileile ya kalsiamu ambayo kupitia kwake habari za maumivu huingia katika uti wa mgongo. Ikitengenezwa viwandani bila konokono hata mmoja, na kuitwa zikonotaidi, iliidhinishwa nchini Marekani Desemba 2004 kwa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyotulizwa na dawa nyingine. Haizoeleki mwilini kama mofini, wala haizuii pumzi. Hata hivyo wanaoitaja kama muujiza huruka masharti yake: lazima iingizwe kwa pampu moja kwa moja katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, na inaweza kuleta kizunguzungu, kuchanganyikiwa na hata kuona visivyokuwapo, hivyo kipimo hupandishwa polepole sana na wagonjwa wengine hulazimika kuiacha.

Kabla ya wanakemia, konokono-koni walikuwa mali ya wakusanyaji wa makombe wa Ulaya. Rembrandt alichora mmoja, Conus marmoreus, katika mchoro wa kuchapwa wa mwaka 1650, na kwa kuwa uchapaji hugeuza picha, zongo la gamba katika mchoro huo limeelekea upande usio wake, ilhali sahihi yake aliikumbuka kuigeuza. Conus gloriamaris alihesabiwa kuwa adimu kupita makombe yote kwa karibu karne mbili, na vielelezo vichache vilivyojulikana viliuzwa kwa bei kubwa, mpaka mwaka 1969 wapiga mbizi walipogundua makazi yake katika Visiwa vya Solomon na bei ikaanguka. Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2013 kuhusu spishi 632 za jenasi ya Conus ilionyesha kwamba nyingi hazimo hatarini, Conus geographus akiwa mmojawapo, na kwamba zilizo hatarini zaidi zinaishi Atlantiki ya mashariki, hasa Senegali na Kepuvede, ambako spishi nzima inaweza kuwa imebanwa katika ghuba moja.

Kwa wagonjwa wa kisukari, linalovutia kuliko yote ni ile insulini ndogo ya mwaka 2015. Dawa za insulini zinazodungwa chini ya ngozi zina tatizo la zamani, kwamba molekuli zake, kama zilivyo kongoshoni, huelekea kushikamana, na muda unaopita hadi zitengane ndio unaomlazimu mgonjwa kudunga kabla ya kula na kukisia atakula nini. Tatizo ni kwamba sehemu inayozishikamanisha molekuli za insulini ya binadamu ndiyo pia inayoisaidia kukishika kipokezi chake, na ikikatwa, nguvu yake karibu yote hupotea. Konokono ameikata na bado insulini yake inakishika kipokezi cha binadamu, ingawa kwa udhaifu. Uchunguzi wa umbo lake, uliofanywa Australia na Marekani na kuchapishwa mwaka 2016, ulieleza jinsi vijenzi vingine vya molekuli hiyo vinavyoziba pengo hilo, na mwaka 2020 watafiti waliichukua insulini ya binadamu, wakaikata palepale alipokata konokono, wakabadilisha asidi amino nne kwa kufuata mfano wake, na kupata insulini isiyoshikamana ambayo katika majaribio kwa wanyama ilishusha sukari sawa na ile ya kawaida.